Mstari wa Tarehe Kumi na Saba

Jumapili, 8 Septemba

Dada Hisano mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani huko Fukuoka? Nyonga inaendeleaje, na je, unakula, au bado unawasukumia wauguzi bakuli la uji na kujifanya umeshiba? Sisi huku Sasebo ni wazima. Mume wangu anakusalimu. Goti langu la kushoto unalijua, sitalizungumzia.

Ulinikataza nisikupigie simu kukutajia hesabu ya vipanga wanaopita, kwa kuwa ukisikia namba bila kujua upepo ulivumaje hutapata usingizi. Basi daftari nitalijaza kila siku, na barua nitaandika karibu kila siku, na msimu ukiisha nitakutumia karatasi zote kwa posta. Uzisome polepole, kana kwamba uko nasi juu ya kilima cha Eboshi.

Leo nimefungua daftari lako. Nilinawa mikono kwanza. Kurasa ishirini na nne, ukurasa mmoja kwa kila mwaka, mistari ishirini na mitatu kwa kila ukurasa, tangu tarehe nane hadi thelathini, na hakuna mstari mtupu hata mmoja. Nilikuahidi pale kitandani ukiwa umenishika mkono kwamba ukurasa wa ishirini na tano utakuwa vivyo hivyo: hakuna siku itakayorukwa, na kitakachoandikwa kitakuwa kweli. Miaka minne nimesimama kando yako nikibonyeza tu kile kidude cha kuhesabia, wewe ukisema "moja, moja, tatu". Sasa macho ni yangu. Nimemwomba Mama Maria, maana leo ni siku ya kuzaliwa kwake, asiniache.

Misa nilisali jana jioni. Padre Mizokami amekubali niwe wa Jumamosi hadi mwisho wa mwezi.

Vipanga: 0. Mwewe tisa, lakini hao ni wenyeji, si wasafiri wa kwenda ng'ambo, hawahesabiwi.

Jumatatu, 9 Septemba

Joto. Nyenje bado wanapiga kelele kama Julai. 0.

Jumanne, 10 Septemba

Vipanga 2, saa moja na nusu asubuhi, juu kabisa. Matumbo mekundu niliyaona kwa macho yangu.

Mzee Kuroiwa amekuja. Ni yule yule: kofia ya kiwanda cha meli, kamera yenye mdomo kama bomba la zimamoto, na sauti ya mtu aliyechomelea vyuma miaka arobaini na hasikii vizuri. Aliponiona nimeketi kwenye kiti chako akauliza mbele ya watu, "Mama wa Jikoni, leo unapika nini huku juu?"

Nikamwambia, "Nyama ya mzee mmoja, lakini ngumu, itachemka mpaka kesho."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akasema kuhesabu si kumenya viazi. Dada, najua mimi ni mpishi wa nyumba ya wazee na shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano. Lakini nimemenya viazi vingi, na sijawahi kukosea idadi ya sahani.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Nilikaa chini ya mwavuli hadi saa sita. 0. Nimeiandika, kama ulivyonifundisha: sifuri nayo iandikwe.

Alhamisi, 12 Septemba

46, na aibu moja. Nilisimama nikamwonyesha kila mtu kipanga, kumbe ni mwewe mchanga. Mzee Kuroiwa akasema hata mwewe mwenyewe amecheka.

Jumamosi, 14 Septemba

118. Leo palikuwa na nguzo ya kwanza ya msimu. Walianza kuzunguka juu ya mteremko wa mashariki, hewa ya moto ikawabeba, mmoja juu ya mwingine, hadi wakawa kama majani ya chai yanayozunguka kwenye birika. Kidole kilikuwa tayari juu ya kidude. Lakini nilisikia sauti yako: "Nguzo usihesabu, Setsuyo. Mle ndani wanachanganyikana, hujui nani umemhesabu na nani bado. Subiri mto." Nikasubiri. Walipofika juu wakatandaza mabawa wakateleza kuelekea magharibi mmoja nyuma ya mwingine, na hapo ndipo nikabonyeza. Nilijisikia kama mtoto aliyevuka barabara peke yake.

Jumatatu, 16 Septemba

Mvua na upepo wa kusini. 3. Watakuwa wamerundikana huko kisiwani Tsushima wakingoja. Mzee Kuroiwa naye amesema hivyo, lakini aliwaambia wengine, si mimi.

Jumanne, 17 Septemba

Dada Hisano, sijui nianzie wapi. Shika blanketi.

Nilifika saa kumi na mbili unusu. Upepo umegeuka, unatoka kaskazini, mkavu, jasho likapoa lenyewe. Wingu limekaa chini, kama kifuniko cha sufuria juu ya vichwa vyetu, ila upande wa visiwani kuko wazi. Saa moja na dakika kumi nikaona mteremko wa mashariki unachemka. Walikuwa wanatoka mitini, Dada, mle mle walimolala. Kumi, hamsini, kisha nikaacha kufikiri. Nguzo moja, nguzo ya pili nyuma yake, ya tatu.

Shida ikawa lile wingu. Nguzo zilipanda zikaingia ndani yake na kupotea. Hakukuwa na mahali pa kuwaona wakitandaza mabawa. Nikaogopa kwamba wote watamezwa na mimi nitaandika sifuri siku kubwa kuliko zote. Basi nikawahesabu kwa makumi wakiwa bado wanapanda, kabla wingu halijawachukua. Baadaye kidogo upande wa visiwani ukatokea mto mrefu, mweusi, usiokatika, nikajua hao ni wengine, wametokea nyuma ya mlima. Nao nikawahesabu, mmoja mmoja, mpaka kidole kikafa ganzi nikahamia mkono mwingine.

Saa tano na nusu kidude kikasoma 3,412.

Siku yako kubwa, ile ya mwaka wa kumi na moja, ilikuwa 2,960. Niliitazama namba mara nne. Watu kumi na wawili walikuwa kilimani na karibu wote walipiga makofi, mwalimu mmoja wa shule akanikumbatia. Mzee Kuroiwa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anafuta lenzi yake. Nikasema moyoni, wivu ni donda.

Nilichelewa kazini dakika arobaini. Bi Araki, msimamizi wetu, alitaka kunigombeza, lakini nikamwambia namba, na wazee wakaomba niwasimulie wakati wa chai. Nimeandika kwa wino.

Jumatano, 18 Septemba

640. Mto mzuri, hakuna wingu. Mwandishi wa gazeti la mji alipanda, akanipiga picha nimeshika daftari lako.

Alhamisi, 19 Septemba

205. Nipo gazetini. Nywele zangu zimekaa kama kiota.

Jioni binti yako alipiga simu. Alisema amekusomea habari na ulilia kwa furaha, ukamwomba muuguzi akibandike kile kipande cha gazeti ukutani mkabala na kitanda. Ulisema, "Setsuyo amenipita, na sasa naweza kulala." Sikuweza kula chakula cha jioni, nilivyojaa.

Ijumaa, 20 Septemba

88. Mzee Kuroiwa alikuja akaketi karibu nami, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akauliza, kwa sauti ya chini kwa kadiri anavyoweza, "Siku ile ya wingu. Ulihesabu nguzo, au ulihesabu mto?"

Nikamjibu kwamba nilihesabu kilichopita. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Mzee huyu hataki mtu mwingine asifiwe.

Jumamosi, 21 Septemba

31. Upepo unageuka, kimbunga kinakuja.

Kwenye Misa ya jioni, baada ya matangazo, Padre alinitaja. Alisema kuna mama mnyenyekevu katika parokia yetu ambaye amehesabu viumbe vya Mungu kuliko yeyote aliyemtangulia. Waumini wakageuka. Bibi Shigeno, yule wa miaka tisini na moja, alinipapasa mgongo kama anampapasa farasi. Nilifurahi, Dada. Nakiri nilifurahi mno.

Jumapili, 22 Septemba

Barabara ya mlimani imefungwa kwa ajili ya kimbunga. Nilikumbuka kanuni yako, kwamba barabara ikifungwa tunasimama kwenye kizuizi. Nikasimama hapo na koti la mvua tangu saa kumi na mbili unusu. Mvua ilikuja kwa ubavu.

Saa mbili mlango wa nyumba iliyo karibu na kizuizi ukafunguliwa. Sikujua kwamba Mzee Kuroiwa anakaa pale. Akapiga kelele, "Ingia, mama wewe. Kizuizi kinaonekana kutoka dirishani kwangu, na anga pia. Hesabu ukiwa mkavu."

Mkewe, Masue, alinipa taulo na peasi lililomenywa. Nikakaa dirishani nikitazama anga tupu. Mzee akaondoka chumbani akarudi na karatasi mbili, picha alizochapa mwenyewe. Akaziweka mbele yangu.

Ya kwanza ni nguzo ya tarehe kumi na saba, wakipanda chini ya wingu, saa moja na dakika hamsini na mbili. Ya pili ni ule mto wa upande wa visiwani, saa mbili kasoro dakika mbili. Kwenye picha ya kwanza alikuwa amemzungushia duara la penseli kipanga mmoja aliyepoteza unyoya mrefu katika bawa la kushoto, na mwingine kando yake mwenye mkia uliochanika. Kwenye picha ya pili, maduara mawili. Unyoya ule ule. Mkia ule ule.

Dada Hisano, hawakuwa wengine. Waliingia wingu upande huu wakatoka upande wa pili, na mimi nimewahesabu mara mbili.

Niliuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Akasema siku ile hakuwa na hakika, alisikia tu harufu ya kosa. Picha zilikuwa maelfu, na hizi mbili amezipata Ijumaa alfajiri. Alikuja kilimani kuniuliza, nikamjibu kama mtu asiyetaka kuulizwa.

"Umemwambia nani?" nikasema.

"Mimi si gazeti," akasema. "Daftari liko kwako. Ukiliacha lilivyo, kwangu zitabaki picha za ndege tu."

Nilirudi kwenye dirisha nikamaliza saa zangu. 0. Kizuizini.

Jumatatu, 23 Septemba

Asubuhi 12, barabara imefunguliwa, matawi kila mahali. Yale maua mekundu ya makaburini yamelala chini yote.

Sikulala vizuri. Nilifikiri hivi: gazeti limesema, Padre amesema, na wewe una kipande ukutani na unalala. Ndege wameshafika ng'ambo, hawatarudi kudai chochote. Namba kubwa haimdhuru mtu. Nilishika rozari, na kila nilipofika kwenye "utuombee sisi wakosefu" nikajiona nimekaa kwenye kiti chako na ile picha yangu ya gazetini.

Kisha nikakumbuka ulichokisema mwaka wa kwanza nilipokuuliza kwa nini tunaandika sifuri. Ulisema kwamba mtu akiona sifuri zako ataziamini namba zako. Nikifanya mstari mmoja kuwa wa uongo, nimeziua sifuri zote za miaka ishirini na mitano.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kupumzika kazi ya jikoni. Saa saba nilibisha hodi kwa Mzee Kuroiwa. Nikamwambia, "Nataka picha zote za mto. Tuwahesabu upya."

Akanitazama. "Zote? Ni karatasi sitini na moja nikizichapa."

"Nimemenya viazi zaidi ya hapo."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Ana meno mawili ya dhahabu, ulijua?

Tulihesabu kwa pini. Kila kipanga kitobo, kila kumi alama ya penseli pembeni, na pale picha mbili zinapopandana tunatafuta ndege wale wale kwa mpangilio wao na kuwaondoa. Masue alikuwa anahesabu nyuma yetu, na kila aliposema "hapana" tulianza upya. Hadi saa kumi na mbili tulikuwa tumefika karatasi ya ishirini na nane.

Jumanne, 24 Septemba

57 mlimani. Jioni tukaendelea.

Nilichukua daftari lako ili nione uliandikaje siku za wingu miaka ya nyuma. Nikafika ukurasa wa mwaka aliofariki mume wako. Tarehe kumi na tano. Nimeupita mstari ule mara nyingi bila kuutazama. Si mwandiko wako. Herufi ni za pembe pembe, kama zile zinazopigwa kwenye bati: SIFURI. MVUA. MWEWE 3.

Nikatazama namba za penseli alizoandika Mzee Kuroiwa pembeni mwa picha. Tatu yake ina pembe kali juu. Ni ile ile.

Nikamsogezea daftari nikaweka kidole. Aliendelea kutoboa na pini.

"Siku ile mwenzako alikuwa na mazishi," alisema baadaye. "Ndege hawangojei mazishi. Nilikuta daftari ndani ya kile kisanduku chake pale kilimani."

"Naye alijua ni wewe?"

"Kesho yake aliniletea chupa ya chai ya shayiri. Hatujalizungumza hata leo."

Masue akasema ndivyo walivyo wanaume wa kiwanda, wakisema sana ni kuhusu vyuma.

Dada, mimi nilidhani anakionea wivu kiti chako, kumbe alishawahi kukikalia ili kisiwe kitupu.

Jumatano, 25 Septemba

19. Tumemaliza. 1,774, na hao ni wale walioingia kwenye picha tu. Wako waliopita wakati anabadilisha betri, na hatutawajua kamwe. Kwa hiyo neno lake ni "angalau".

Nilipiga mstari mmoja juu ya 3,412, mwembamba, ili namba isomeke bado. Chini yake nikaandika kwa wino: "Nilihesabu nguzo. Angalau 1,774, kwa picha za Kuroiwa. Setsuyo." Jina "Kuroiwa" limekaa kama limelewa.

Alhamisi, 26 Septemba

22. Nilipiga simu gazetini. Kijana alisema wasomaji hawajali. Nikasema mimi ni msomaji na ninajali. Akasema atatafuta nafasi. Nikasema nitapiga kesho kuuliza kama ameipata.

Ijumaa, 27 Septemba

8. Nimepiga. Hajaipata.

Jumamosi, 28 Septemba

14. Nimepiga tena. Ameipata: mistari minne, chini ya ratiba ya maji kupwa na kujaa. Nimekukatia, iko ndani ya bahasha.

Kabla ya Misa nilikwenda kuungama. Padre alisema kukosea hesabu si dhambi. Nikamwambia sikuja kwa sababu ya kukosea, nimekuja kwa sababu ya Jumatatu asubuhi, nilipoanza kutafuta njia ya kunyamaza, na kwa sababu ya mabaya niliyomfikiria mzee wa watu. Hapo akanipa kitubio. Juu ya kitubio hicho nikamwomba kingine, kwamba atangaze tena. Akasema si lazima. Nikasema, Padre, ulinisifu mbele ya watu mia mbili, na watu mia mbili wamebeba namba ya uongo nyumbani kwao.

Akatangaza, baina ya mnada wa nguo na zamu ya kufagia uwanja. Uso ulinichoma mpaka masikioni. Bibi Shigeno, ambaye naye hasikii vizuri, akauliza kwa sauti kanisa zima likasikia, "Basi wale wengine wamekwenda wapi?"

Watu walicheka, Padre akacheka, nikacheka na mimi hadi machozi. Nje, mlangoni, nilimkuta Mzee Kuroiwa, ambaye hata Mkristo si. Alikuja, alisema, kuhakikisha kwamba jina lake limetamkwa sawasawa.

Jumapili, 29 Septemba

5. Siku ya malaika wakuu. Asubuhi ya baridi ya kwanza, nimevaa soksi jozi mbili. Mzee Kuroiwa ameniita Mama wa Jikoni tena, na nilishangaa jinsi nilivyolipenda jina hilo. Nilimletea matonge ya wali wenye lozi za msimu. Alisema yana chumvi pungufu, akala mawili.

Jumatatu, 30 Septemba

Tulikaa hadi saa sita, mimi na yeye tu. Anga safi kama sahani iliyooshwa. 0.

Nikaiandika. Mistari ishirini na mitatu, Dada Hisano. Hakuna uliorukwa. Mmoja umekatwa na kusahihishwa, nao uko wazi, yeyote anaweza kuusoma.

Siku yako kubwa bado ni ile 2,960. Ni yako, nimekurudishia. Nakuomba umwambie muuguzi akitoe ukutani kile kipande chenye nywele za kiota akibandike hiki kidogo cha mistari minne. Binti yako amepiga mara mbili wiki hii na sikumwambia kitu, kwa sababu nilitaka uambiwe na mimi, na uambiwe pamoja na hali ya upepo na wingu ilivyokuwa. Kama umehuzunika, huzunika, lakini usiache kula.

Daftari nalituma pamoja na barua hizi. Ukurasa wa ishirini na sita ni mtupu. Ukiona mkono wangu haufai kuuandika, mpe Mzee Kuroiwa, herufi zake zinasomeka. Ukiona unafaa, nirudishie daftari. Kilima nitapanda kwa vyovyote, nikiwa na kalamu au bila kalamu.

Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako katika Kristo,
Setsuyo